Rafiki Akikupita Darasani, au Ukimpita Wewe: Mwongozo wa Kuokoa Urafiki Kabla ya Mtihani wa Kidato cha Nne

Kila mwaka ni hivyo hivyo. Matokeo ya mtihani wa utamilifu, ule mnaouita moko, yakishabandikwa ubaoni, haiishi wiki mlango wangu unabishwa hodi. "Shikamoo madam. Naomba kuuliza. Fulani kanichunia tangu Jumatatu, sijui nimemkosea nini." Kesho yake anakuja huyo fulani mwenyewe: "Madam, mimi simchukii, lakini nikimwona anacheka nasikia kitu kinanichoma hapa." Nimekuwa mwalimu wa malezi na unasihi katika shule za bweni za wasichana kwa miaka mingi, na maswali haya nimeyajibu mara nyingi nikiwa nimesimama koridoni, kengele inagonga, nusu ya jibu inabaki mdomoni. Leo nayaandika yote, hatua kwa hatua.

Mwongozo ni wa nyinyi wawili, anayeona wivu na anayeonewa. Nimewafikiria zaidi wasichana wa bweni kwa sababu hao ndio ninaowajua. Wewe uliye shule ya kutwa, au uliye mvulana, badilisha mahali na majina. Hatua zitabaki hizo hizo.

Kabla hujaanza

Kusanya vitu hivi kwanza. Mazungumzo yakikatika katikati huacha kidonda kikubwa kuliko kile mlichokuwa nacho.

- Daftari dogo, au karatasi tatu nne, ambazo hakuna atakayekuja kuziazima. Usiandike nyuma ya daftari la kemia. Daftari la kemia huazimwa, na nimeshuhudia mambo ya moyoni yakisomwa na darasa zima kwa sababu hiyo.
- Ripoti zako za mitihani miwili au mitatu iliyopita. Zako tu, za mwenzako ziache.
- Siku tatu za kutomtaja rafiki yako kwa mtu yeyote, kwa ubaya wala kwa wema. Watu wakikuuliza, "Mbona siku hizi hamko pamoja?" jibu "Tupo," kisha endelea na shughuli yako.
- Mahali pa kuongelea. Bwenini hapafai, foleni ya chakula haifai, bombani ndiyo kabisa. Ukingo wa uwanja wa netiboli, Jumamosi mchana baada ya kufua, unafaa kuliko sehemu zote nilizojaribu: kila mtu anawaona, hakuna anayewasikia.
- Dakika 40 hivi. Usichague usiku wa kuamkia mtihani wala siku ya matokeo.
- Mtu mzima mmoja unayemwamini, ambaye utamwendea mambo yakizidi: matroni, mwalimu, shangazi, mama mdogo. Mchague sasa, ukiwa umetulia.

Mpatanishi wa rika lenu humhitaji. Rafiki wa tatu anayepeleka maneno huku na kule huongeza chumvi hata asipokusudia, na siku mkipatana mtajikuta nyote mnamkwepa yeye.

Hatua ya 1: Ipe hali yako jina lake

Kaa na daftari lako peke yako, uandike sentensi inayoanza hivi: "Nilipoona matokeo yake, nili..." Imalizie bila kujipamba. Kama uliumia, andika uliumia. Kama ulitamani karatasi ile ichanike pale ubaoni, andika hivyo hivyo.

Kisha jibu maswali haya matatu, kwa maandishi pia.

Angeshuka yeye leo, mimi ningepata nini? Jibu likiwa "hakuna, ila ningepumua," huo ni wivu.

Kuna jambo alilonitendea ambalo naweza kulitaja kwa siku na mahali? Likiwapo, mna kosa halisi la kuzungumza, na usikubali mtu alifunike kwa kukuambia "una wivu tu."

Wiki hii nimelala saa ngapi kwa usiku? Swali hili nalitilia mkazo. Msichana anayeamka saa nane za usiku kusoma kwa tochi chini ya shuka, siku nne mfululizo, kila neno linamkwaruza. Nimeona ugomvi wa wiki mbili ukiyeyuka baada ya Jumapili moja ya kulala vizuri.

Watu wengi huzungumza juu ya wivu na husuda kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi huvitenga. Mwenye wivu anatamani na yeye apate. Mwenye husuda anataka mwenzake akose, hata kama yeye mwenyewe hataambulia kitu. Wivu unaweza kuushughulikia mwenyewe kwa hatua zinazofuata. Ukijikuta unapanga kumharibia mtu kitu, simama hapo hapo, nenda kwa yule mtu mzima uliyemchagua, umwambie ukweli. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayekuadhibu kwa kusema jambo ambalo hujalitenda.

*Kosa la kawaida:* kujiita mbaya. "Mimi ni mchawi, mimi nina roho mbaya." Umri wa miaka 16, mtihani wa taifa mbele yako, nyumbani wameuza ng'ombe kulipa michango ya shule, halafu mwenzako kapita juu yako: kuumia ni jambo la kutarajiwa. Tutakalolihukumu ni lile utakalolifanya baada ya kuumia.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya mtihani wenyewe

Wengi hutaka kuruka hatua hii wakimbilie kwenye kuombana radhi. Usiiruke, maana radhi isiyo na hesabu hii huharibika matokeo yanayofuata yakitoka.

Chukua ripoti yako. Funika kwa rula safu ile iliyoandikwa "nafasi." Umebaki na alama. Sasa kumbuka jinsi Baraza la Mitihani la Tanzania linavyopima kidato cha nne: 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo ni F. A ina pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4, F pointi 5. Zinachukuliwa pointi za masomo saba uliyofanya vizuri zaidi na kujumlishwa. Jumla ya 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne.

Chukua mfano. Rafiki yako ana A mbili na B tano. Mbili jumlisha kumi, ana pointi 12. Wewe una B nne na C tatu. Nane jumlisha tisa, una pointi 17. Darasani yeye ni wa tatu na wewe ni wa kumi na tisa, na kwa ajili hiyo hamsemeshani. Kwenye cheti nyote mna daraja la kwanza.

Rudia mfano huo mpaka ukuingie. A yake haikutolewa kwenye fungu moja na A yako. Darasa zima likipata 75, darasa zima lina A. Mwenzako akielewa mada ya moli kwenye kemia leo usiku, alama zako hazipungui hata moja; tena kesho una mtu wa kumuuliza kitanda cha pili.

Najua utakachosema, maana huwa naambiwa: "Lakini madam, nafasi za kidato cha tano kwenye shule zile nzuri ni chache." Ni kweli, sitakudanganya. Ila hizo unazigombea na watahiniwa wa nchi nzima, kutoka Kagera hadi Mtwara. Rafiki yako ni mmoja kati ya maelfu na maelfu. Ukimwondoa yeye, mbele yako panabaki vile vile. Na pengine hamgombei hata kiti kimoja: wewe unataka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) uje kuwa mwanasheria, yeye anataka PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Muulize. Nimekutana na marafiki waliochuniana miezi mitatu na hawajawahi kuulizana tahasusi.

Hata Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha ule utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kama taifa limeweza kutangaza matokeo bila orodha ya wa kwanza na wa mwisho, na nyinyi wawili mnaweza.

Kazi ya hatua hii: chora mistari ya masomo yako, andika alama za mtihani uliopita na za sasa. Zungusha duara kwenye somo lililopanda na lililoshuka. Jina la rafiki yako lisionekane popote kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 3: Itafute siku ilipoanza

Wivu wa kidato cha nne mara nyingi ulipandwa kidato cha pili, na aliyeupanda mara nyingi ni mtu mzima. Jaribu kukumbuka. Ni siku mama alipokuja kukutembelea akasema mbele yake, "Mwenzio anakula ugali huu huu, mbona yeye anaweza?" Ni siku mwalimu alipokuhamisha dawati la mbele akamweka yeye. Ni siku ulipomkuta kwenye diskasheni ya watu wengine na hakukuambia. Au kidato cha kwanza kabisa, Kiswahili cha shule ya msingi kilipokatika ghafla masomo yakawa ya Kiingereza, yeye akaelea kwa sababu alitoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, wewe ukanyamaza miezi sita, na tangu hapo watu wakamwita kipanga.

Andika siku hiyo. Ukiiona vizuri, utagundua pengine hasira yako ilistahili kwenda kwa mtu mwingine, na umekuwa ukimpa rafiki yako kwa sababu yeye ndiye aliye karibu.

(Walimu wenzangu mnaosoma hapa: tunaposoma matokeo mstarini kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kwa majina, halafu tukamwambia wa mwisho asimame, kazi yote ninayoieleza hapa tunaibomoa kwa dakika tano. Nawaomba tuache.)

Hatua ya 4: Safisha ulichomwaga nje

Kabla hujaenda kuomba mazungumzo, rudisha mambo mahali pake. Kama una daftari lake, lirudishe. Kama uliwaambia wenzako kwamba yeye huibia, au kwamba mwalimu fulani humpendelea, na huna ushahidi, warudie wale wale uliowaambia: "Lile nililosema juu ya fulani sikuwa na uhakika nalo. Nilikuwa na hasira. Naomba msiliendeleze." Ni hatua ngumu kuliko zote. Midomo itakauka. Ifanye kwa mtu mmoja mmoja, usikusanye mkutano.

Na kama ulificha kitu, kitoe.

Hapa nina la kwangu. Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa na rafiki tuliyekula naye bakuli moja na kuogea ndoo moja. Kaka yangu aliniletea mafungu ya maswali ya fizikia yenye majibu, kutoka shule nyingine. Nikayalaza chini ya nguo kwenye tranka langu, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ananipita fizikia na nilitaka safari hii nimpite mimi. Jioni moja akaniomba sabuni. Nikamwambia fungua tranka uchukue; nilishasahau. Akachukua sabuni, akafunga tranka taratibu, hakusema neno. Wiki ile akahamia kitanda cha upande wa pili. Tulifanya mtihani, tulifaulu wote wawili, kila mtu akaenda zake. Nilikutana naye miaka mingi baadaye stendi ya Msamvu, Morogoro, kila mtu na mabegi yake. Tulisalimiana kama watu waliowahi kukaa mtaa mmoja. Nilikuwa nataka kumwambia juu ya zile karatasi, basi lake likaita abiria.

Kwa hiyo ukiniona nakaza sauti kwenye hatua hii, ujue sababu.

Hatua ya 5: Omba mazungumzo kwa mdomo wako

Mfuate akiwa peke yake, sema kwa ufupi: "Naomba Jumamosi tukimaliza kufua tukae kidogo uwanjani. Nina jambo nataka kukuambia, si ugomvi." Basi. Akikuuliza ni jambo gani, mwambie ni juu yenu wawili na utalieleza mkikaa.

*Kosa la kawaida:* kikaratasi. Kikaratasi hupita mikono mitano kabla hakijamfikia, kwenye prepo (muda wa kujisomea usiku), na kila mkono una macho. Na wakati wa likizo, simu ikiwa karibu, usimtupie mafumbo kwenye WhatsApp ukitumaini atajijua. Atajijua, na wengine kumi watajidhania ni wao.

Hatua ya 6: Zungumzeni

Aliyeomba ndiye anayeanza. Anza na jambo lako, kwa maneno yanayoanza na wewe mwenyewe. Mfano kwa aliyeona wivu:

"Nimekuita nikuambie kinachonihusu mimi. Tangu moko itoke nimekuwa nakukwepa. Hukunikosea kitu. Nilipoona umepata 81 ya kemia na mimi nina 43, niliumia na nikaona aibu. Badala ya kukuambia nikakununia. Naomba unisamehe. Sitaki tuendelee hivi."

Ukishasema, nyamaza. Mwache aseme, hata akikaa kimya dakika nzima aking'oa nyasi. Akikuambia mambo uliyomuumiza, usijitetee papo hapo. Sema, "Nimekusikia," na kama ni kweli, "Ni kweli nilifanya."

Kama wewe ndiye uliyenuniwa na unataka kuanza, jaribu hivi:

"Naona tumekuwa mbali tangu matokeo. Inaniuma. Kama kuna nililokukosea niambie, nitakusikiliza mpaka umalize."

Usimwambie, "Najua unanionea wivu." Hata kama unajua, hata kama darasa zima linajua. Mtu akiambiwa hivyo, anabaki na njia moja tu, kukana. Na akishakana leo, kesho hawezi kukiri. Neno hilo mwachie alitamke mwenyewe.

Wewe uliye juu, kuna uongo mmoja nataka uuache kuanzia leo. Ule wa "Mimi mwenyewe sijagusa kitu." Nawasikia asubuhi za mitihani mkiwa mlangoni: "Shosti, sijasoma kabisa, leo nimeisha." Kisha zinarudi karatasi, una 88. Najua hukusudii ubaya. Unataka usionekane unajidai, unataka mwenzako asijisikie vibaya. Sasa sikia anachosikia yeye. Anafikiri moja kati ya mawili: ama una akili za kuzaliwa nazo ambazo yeye hakupewa, kwa hiyo yeye ni kilaza na ajitahidi asijitahidi ni sawa; ama ulisoma kwa siri na ukamficha. La kwanza linamvunja moyo, la pili linavunja urafiki. Sema ukweli wenye kipimo: "Jana prepo yote nilikuwa na moli, nimefanya maswali kumi na mawili. Elektrolisisi sijafika." Hapo anapata habari anayoweza kuitumia. Anajua 88 imetoka wapi, na kwamba hata wewe kuna mahali hujafika.

Vile vile usijishushe. Nimewahi kuwa na binti aliyeacha maswali mawili makusudi kwenye jaribio la kila wiki ili asimpite rafiki yake. Rafiki yake alipojua alikasirika kuliko mwanzo, na alikuwa na haki: ni nani anapenda kuhurumiwa hivyo? Fanya mtihani wako wote.

Hatua ya 7: Wekeni masharti machache

Msiondoke uwanjani na "basi yameisha" peke yake. Yatarudi siku karatasi za jaribio lijalo zitakaporudishwa. Chagueni masharti matatu au manne, kila mmoja ayaandike kwenye daftari lake. Haya yamewafaa wengi:

1. Siku ya kurudishiwa karatasi hatuulizani alama mpaka baada ya chakula cha jioni. Asiyetaka kusema, hasemi, na haulizwi mara ya pili.
2. Akipata mmoja wetu maswali ya miaka ya nyuma, kesho yake mwenzake anayo.
3. Jumanne unanifundisha lako, Alhamisi nakufundisha langu.
4. Kila mtu ana ruhusa ya kuwa na diskasheni nyingine bila kuomba radhi.

Sharti la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa hiyo lifanyeni vizuri. Lisiwe la upande mmoja. Yule anayepitwa lazima naye awe na somo analofundisha, hata kama ni uchambuzi wa ushairi kwenye Kiswahili, hata kama ni kusoma ramani kwenye jiografia. Mtu anayefundishwa tu, wiki baada ya wiki, huanza kumchukia anayemfundisha. Hilo nimeliona mara nyingi mno. Na wewe mwenye alama za juu usihofu kwamba unapoteza muda: ukijaribu kumweleza mtu jinsi ya kusawazisha mlinganyo wa kemia ndipo unapogundua mstari ambao wewe mwenyewe uliukariri bila kuuelewa.

Dakika 45 kwa siku zinatosha. Nusu saa maelezo, robo saa afanye swali mwenyewe, wewe umenyamaza. Kunyamaza ndiko kunakowashinda.

Hatua ya 8: Malizeni na nyumbani

Kama Hatua ya 3 ilikuonyesha kwamba chanzo ni maneno ya mzazi, usikwepe. Subiri siku ya kutembelewa au likizo, mkiwa wawili, mzazi ameshapumzika. Kwa adabu, sema:

"Mama, naomba niseme jambo, na sikusudii kukukosea heshima. Ukinilinganisha na fulani, nikirudi shule nashindwa kumtazama usoni. Naomba uniulize alama zangu za muhula uliopita na za sasa. Hapo utaona kama nimesogea au nimerudi nyuma, na ukinigombeza nitakuelewa."

Mpe ule ukurasa wa Hatua ya 2. Mzazi akiona mtoto amejipima mwenyewe kwa maandishi, mara nyingi sauti hushuka. Akikataa kusikia, mwombe shangazi au bibi amfikishie. Usirudie ombi lenyewe kwa hasira.

Ikikwama

*Amekataa kuja.* Usimfuatefuate. Endelea kumsalimia kila asubuhi kama kawaida, usiongeze neno. Baada ya wiki mbili omba tena, mara moja. Akikataa tena, nenda Hatua ya 2 na ya 8, ambazo hazimhitaji yeye.

*Tumezungumza, kesho yake bweni zima linajua.* Muulize yeye, peke yake, kabla hujaamini: "Nimesikia maneno yetu yamefika nje. Umemwambia mtu?" Wakati mwingine kuna aliyepita nyuma ya choo cha uwanjani akasikia. Kama ni yeye aliyesema, mwambie limekuumiza, na kwa sasa muishi na masharti tu, yale ya moyoni mtunze kila mtu yake.

*Nimeomba radhi, lakini wivu bado upo.* Utakuwepo kwa muda. Ukikusogelea, fungua ukurasa wako wa alama, chagua somo ulilolizungushia duara la kushuka, fanya swali moja. Moja tu. Mwili ukishakuwa na kazi, ule moto hupungua.

*Anataka nimwonyeshe majibu kwenye mtihani, anasema ndiyo alama ya urafiki.* Kataa, na umwambie mapema, kabla ya siku yenyewe: "Nitakufundisha hadi usiku wa mwisho, ndani ya chumba cha mtihani siwezi." Baraza hufuta matokeo ya watahiniwa waliobainika kufanya udanganyifu. Mtafutiwa matokeo nyote wawili, miaka minne yote.

*Amechana daftari langu, au ananisingizia wizi, au anawachochea wengine wanitenge.* Hapo umeshatoka kwenye mwongozo huu. Usilipize. Hifadhi daftari lilivyo, andika siku na saa, nenda kwa mwalimu wa malezi au matroni siku hiyo hiyo.

*Silali, sili, nalia bila sababu, au nimeanza kuwaza kujidhuru.* Acha hatua zote. Usisubiri Jumamosi, usisubiri mtihani upite. Mwambie matroni au mwalimu leo, hata kama ni usiku, hata ukianza na "sijui nisemeje." Ukiwa nyumbani au unaweza kupata simu, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto hapa Tanzania, ni bure. Na kama ni rafiki yako ndiye aliyekuambia anawaza hivyo, akakuapisha usiseme, sema. Usimwache peke yake mpaka mtu mzima afike. Atakukasirikia, na wewe vumilia hasira hiyo.

*Nimejaribu yote, urafiki umekwisha.* Hutokea. Bado mna miezi ya kulala bweni moja hadi Novemba, kwa hiyo yapo mambo matatu ya kushika: salamu isikatike, siri alizowahi kukupa zibaki kwako, na ukiyapata maswali ya miaka ya nyuma, mpelekee nakala, uiweke juu ya dawati lake na uondoke. Hahitaji kukushukuru.